Istilahi za Kumchoma Mbwa Sindano ya Insulini Nyumbani

Si siku nyingi zilizopita mwandishi wa makala haya aliletewa, mjini Sumbawanga, karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa maelezo ya Kiingereza juu ya namna ya kumtunza nyumbani mbwa mwenye ugonjwa wa kisukari. Ya pili ilikuwa tafsiri yake ya Kiswahili, imeandikwa kwa hati nzuri ya mtu aliyesoma. Mwenye mbwa, mwalimu mstaafu, alitaka kujua jambo moja tu: je, tafsiri hiyo yaweza kufuatwa na watu wa nyumbani kwake, ambao hawakisomi Kiingereza, siku ambazo yeye mwenyewe yumo safarini? Jibu lilikuwa hapana. Kiswahili cha tafsiri ile kilikuwa kizuri, wala hakikuwa na kosa la sarufi la kutajika. Hata hivyo mtu ambaye angeifuata neno kwa neno angeweza kumuua mbwa yule kabla ya jua kuchwa.

Jambo lililotushangaza ni mahali makosa yalipokuwa. Sisi tunaoshughulika na istilahi tumezoea kudhani kwamba ugumu wa kufasiri maandishi ya kitaalamu umo katika maneno marefu ya kigeni. Katika karatasi ile maneno marefu yote yalikuwa yamefasiriwa barabara: kongosho lilikuwa kongosho, na insulini ilikuwa insulini. Hatari ilikuwa imejificha katika maneno ambayo mtoto wa shule ya msingi anayajua: sindano, saa, baridi, na katika alama moja fupi iliyochapwa juu ya kichupa. Makala haya yanakusudia kuyaeleza hayo, kwa faida ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao siku moja watapewa karatasi kama ile.

Yafaa tukiri mapema kwamba kisa chenyewe ni cha nadra. Katika uwanda wa juu wa Ufipa mbwa hufugwa alinde nyumba na mazao, na mbwa anayekonda aghalabu hufa kabla mtu hajaupima mkojo wake. Lakini sindano kwa mnyama si jambo geni hata kidogo huku. Wakulima wa Ufipa hulima kwa maksai, na mwenye maksai hujifunza, apende asipende, habari za ndigana na homa za mifugo. Bwana mifugo asipopatikana, wengi huchoma wenyewe. Basi wasomaji wa karatasi ya mbwa hawaanzi patupu. Wanayo lugha yao ya sindano waliyoipata zizini, na lugha hiyo ndiyo watakayoitumia kuisomea insulini. Mfasiri asiyeijua lugha ya zizini hatajua maneno yake yatasomwaje.

Ugonjwa na jina la dawa

Juu ya ugonjwa wenyewe hatuna haja ya kusema mengi. Chakula kikishasagwa tumboni hutoa sukari, nayo huingia katika damu. Ili sukari hiyo itoke katika damu na kuingia katika seli za mwili, yahitajiwa insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ikikosekana, sukari hurundikana katika damu, humwagika katika mkojo na huvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mbwa mwenye kisukari hunywa maji kupita kiasi, hukojoa mara kwa mara, hula sana, na bado hukonda. Mbwa wa namna hii karibu wote huhitaji sindano za insulini maisha yao yote. Paka ni tofauti kidogo: baadhi yao, wakitibiwa mapema na kulishwa vizuri, hufikia hali ya kutohitaji tena dawa.

Neno kisukari halina matata. Limejiunga na jamaa zake kifafa, kifaduro na kipindupindu, na hakuna anayelichanganya na ndizi tamu zenye jina hilohilo. Insulini nayo imetoholewa vizuri, na asili yake yastahili kujulikana na walimu. Mwaka 1869 Mjerumani Paul Langerhans alivieleza vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika ndani ya kongosho kama visiwa, na kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa ndipo dawa ilipopewa jina. Mbwa hawakosekani katika habari hii. Mwaka 1889, huko Strasbourg, Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimtoa mbwa kongosho wakaona amepata kisukari. Mwaka 1921, huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwatibu mbwa wa namna hiyo kwa majimaji yaliyokamuliwa kutoka katika kongosho; na mwezi Januari 1922 dawa ilitolewa kwa mara ya kwanza kwa binadamu, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson. Kwa hiyo anayemchoma mbwa wake insulini leo anairudisha dawa ilikoanzia. Jambo jingine la ajabu ni kwamba insulini ya nguruwe na ya mbwa ni sawa kabisa katika muundo wake, na kwa sababu hiyo insulini mojawapo inayotengenezwa mahsusi kwa mbwa, iitwayo Caninsulin, hutokana na nguruwe.

Neno lililotupa taabu katika sehemu hii lilikuwa jina la mnyama mwenyewe. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa na neno moja kwa mbwa, paka, sungura na ndege anayefugwa kwa mapenzi tu. Mfasiri aliandika mfugo. Mtu wa Sumbawanga akisoma mfugo ataona ng'ombe, mbuzi na nguruwe, na atatazamia kipimo cha ng'ombe. Wapo wanaosema mnyama kipenzi, na neno hilo limeanza kuenea mijini. Lakini mlinzi wa nyumba aliyefungwa mnyororo mchana kutwa si lazima awe kipenzi cha mtu. Sisi tuliandika mbwa, kwa kuwa karatasi ilikuwa ya mbwa. Mara nyingi mfasiri hulitafuta neno la jumla bila haja, na kumbe msomaji anataka neno la kitu kilicho mbele yake.

Sindano ni nini?

Tuchukue sentensi hii ya tafsiri: "Hakikisha sindano imeingia yote." Je, ni nini kiingie chote? Katika Kiswahili cha kila siku sindano ni mambo matatu. Ni kile kichuma chembamba chenye ncha. Ni chombo kizima, pamoja na bomba lake. Tena ni tendo lenyewe au dawa yenyewe, kama mtu anaposema, "Nimepewa sindano tano." Mwenye kusoma sentensi ile aweza kukididimiza kichuma mpaka mwisho na kuacha nusu ya dawa ndani ya bomba, na asijione amekosea. Anayezungumza hupata msaada wa mikono na macho. Karatasi haina mikono.

Kwa hiyo katika maandishi ya mafunzo tunapendekeza sindano libaki kuwa jina la kile chenye ncha tu. Chombo kizima kiitwe bomba la sindano, kama kinavyoitwa katika hospitali na maduka ya dawa, au bomba kwa kifupi mara kikishatajwa. Kiingiacho mwilini kiitwe dawa au insulini. Hapo sentensi ile itakuwa: "Sukuma mpaka dawa yote iishe ndani ya bomba." Imekuwa ndefu kidogo, lakini haina njia mbili. Kwa tendo, kuchoma sindano ndiko kusemwako zaidi huku kwetu, ingawa kupiga na kudunga hufahamika pia. Wako wanaokiona kitenzi kuchoma kuwa kibaya kwa sababu ya moto. Hatuoni sababu ya kukiacha: hakuna mtu aliyewahi kuambiwa amchome mbwa sindano akaenda kutafuta kiberiti.

Neno la kuangaliwa sana ni chanjo. Kwa mbwa wengi wa vijijini sindano pekee waliyowahi kuiona ni ile ya kuzuia kichaa cha mbwa, na watu husema mbwa amechanjwa. Kuchanja, kwa asili, ni kukata chale; kutoka hapo neno likapanuka likawa kinga ya kila namna. Tatizo ni kwamba limeendelea kupanuka hata baadhi ya watu huliita chanjo kila dawa ya sindano apewayo mnyama. Karatasi ile nayo ilisema "chanjo ya insulini". Chanjo ina maana ya jambo lililokwisha: mbwa akishachanjwa, watu hurudi nyumbani mpaka mwaka mwingine. Insulini hutakiwa kesho, na kesho kutwa, na kila siku ya Mungu, kwa kawaida mara mbili. Neno likikosewa hapa, ugonjwa utarudi siku ya tatu na watu watasema dawa haifai.

Mahali pa kuchoma pana maneno yake. Insulini huchomwa chini ya ngozi, si ndani ya msuli wala ndani ya mshipa. Mwenye ng'ombe amezoea kuchoma katika msuli wa shingo au wa paja, kwa nguvu na kwa sindano nene. Ni lazima aambiwe waziwazi kwamba hapa sivyo. Mshipa ni neno la kuogopwa, maana katika Kiswahili huchukua mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, hata ugonjwa wa mshipa. Kwa hiyo pale panapohitajika iandikwe mshipa wa damu kwa ukamilifu. Tendo lenyewe tuliliandika hivi: "Shika ngozi iliyolegea ya ubavuni au ya juu ya mabega kwa vidole viwili, uinue mpaka ipatikane kunjo. Ingiza sindano katika tako la kunjo hilo. Angalia isitokee upande wa pili." Neno kunjo lilimridhisha mwalimu, lakini jirani yake aliyekuwa akisikiliza aliuliza, "Mwalimu, na manyoya je?" Swali lilikuwa la haki. Mbwa wenye manyoya mengi hupoteza dawa nyingi kwa sindano iliyotokea nje na kuyalowesha manyoya tu, wala mwenyewe hajui. Tuliongeza: "Baada ya kuchoma, papasa manyoya, yakiwa yamelowa, dawa haikuingia yote. Usirudie kuchoma. Ngoja wakati wa sindano inayofuata." Kukosa dawa mara moja humdhuru mbwa kidogo, kuipata mara mbili kwaweza kumuua.

Yuniti, kizio na alama ya U-40

Sasa tumefika penye uzito wa makala haya. Dawa za mifugo hupimwa kwa mililita. Mfugaji wa Ufipa anayetumia oksitetrasaiklini yenye nguvu ya asilimia 20 anajua kanuni ya mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Maksai wa kilo 200 atapewa mililita 20, na kwa kawaida dawa nyingi hivyo hugawanywa ichomwe sehemu mbili au zaidi. Akikosea kwa mililita moja au mbili, ng'ombe hatakufa. Insulini haikubali mazoea hayo. Hupimwa kwa nguvu yake, kwa kipimo chake chenyewe, na kiasi cha majimaji ni kidogo mno. Madaktari wa mifugo huanza na robo mpaka nusu ya kipimo hicho kwa kila kilo ya mbwa. Mbwa wa kilo 16 aweza kuanza na vipimo 4 hadi 8, ambavyo kwa dawa ya mbwa ni kati ya sehemu moja na sehemu mbili za kumi za mililita. Ni tone la kuloanisha kidole.

Je, kipimo hicho tukiiteje? Mfasiri wetu aliandika kizio, na kwa mujibu wa vitabu vya hesabu alikuwa na haki, maana humo kizio ni jina la kipimo kimoja cha kuhesabia. Lakini kizio ni neno lenye asili yake. Pwani, kizio cha nazi ni nusu ya nazi iliyovunjwa. Na kutokana na nusu hiyo ya kitu cha mviringo wanajiografia wakapata Kizio cha Kaskazini na Kizio cha Kusini. Sumbawanga minazi haioti, na nazi inayofika huku imesafiri. Kizio alichokijua mke wa mwalimu ni kile cha ramani ya darasani, yaani nusu ya dunia. Aliposoma "vizio 6" aliuliza kama ni nusu sita, yaani tatu. Mama huyu hakukosea. Alilisoma neno kwa maana yake kongwe, na maana hiyo ingempunguzia mbwa dawa kwa nusu.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, wengi wetu tumelelewa katika kanuni kwamba neno la Kiswahili au la Kibantu litafutwe kwanza, na la kigeni litoholewe pale tu panapokosekana jingine. Ni kanuni njema, na mwandishi ameitetea mara nyingi. Lakini hapa tunasema bila kusita kwamba yuniti itangulizwe. Ndilo neno linalosemwa na wauguzi, na na wagonjwa wa kisukari wanaojichoma wenyewe majumbani; halina maana nyingine ya kushindana nayo katika kichwa cha msomaji. Kizio na kibaki katika hesabu na jiografia, ambako mwalimu yupo kulieleza.

Hata hivyo yuniti nalo halitoshi peke yake, na hapa ndipo palipokuwa na kosa lile la kuua. Juu ya kichupa cha insulini ya mbwa pamechapwa U-40. Alama hiyo yaonyesha nguvu ya dawa: katika kila mililita 1 mna yuniti 40. Insulini ya binadamu iliyoenea leo ina alama ya U-100, yaani yuniti 100 katika mililita 1. Zamani hata ya binadamu ilikuwa na nguvu mbalimbali. Uingereza ilikuwa na ya 20, ya 40 na ya 80 mpaka ilipohamia kwenye 100 mwaka 1983, na sababu kubwa ilikuwa ni kuondoa makosa ya kupima. Katika Kiingereza idadi hutangulia na jina la kipimo hufuata, na kwa hiyo msomaji wa lugha hiyo haoni U-40 kuwa ni kiasi cha dawa. Katika Kiswahili mambo ni kinyume: sisi husema kilo 5, shilingi 100, yuniti 6. Basi Mswahili aliyekwisha kufundishwa kwamba U ni yuniti, akiiona U-40, huisoma "yuniti 40". Mfasiri wetu ndivyo alivyofanya. Aliandika: "Mpe mbwa insulini yuniti 40, yuniti 6 asubuhi na jioni." Mtu atalichukua lipi? Akilichukua la kwanza, amempa mbwa karibu mara saba ya dawa yake.

Tuliyaandika upya hivi: "Insulini ya mbwa huyu ina nguvu ya yuniti 40 katika mililita 1. Nguvu si kiasi cha kumchoma. Kiasi cha kumchoma ni yuniti 6." Neno nguvu limetufaa kuliko ukolezi. Ukolezi ni neno zuri la kemia, lakini nguvu ndilo linalosemwa dukani, ambapo mnunuzi huuliza kama dawa ya kuogeshea mifugo ni kali au hafifu.

Mpangilio huohuo wa Kiswahili unatupa pia kinga ambayo Kiingereza hakina. Huko, mwandishi mvivu huandika 10U, na herufi hiyo ikiandikwa kwa mkono hufanana na sifuri, hata 10 ikasomwa 100. Watu wamekufa kwa kosa hilo, na waganga katika nchi nyingi wamekatazwa kulifupisha neno. Kwa Kiswahili twaandika yuniti 10, nambari inabaki mwisho, peke yake. Kinga hiyo itafaa tu iwapo hatutaiga ufupisho wa wengine.

Alama ya nguvu iko juu ya bomba pia. Bomba la U-40 na bomba la U-100 yana mistari isiyolingana, na mara nyingi hutofautishwa kwa rangi ya kifuniko cha sindano: chekundu kwa U-40, cha rangi ya chungwa kwa U-100. Dawa ya U-100 ikivutwa kwa bomba la U-40 mpaka mstari wa 10, ndani ya bomba zitakuwamo yuniti 25. Dawa ya U-40 ikivutwa kwa bomba la U-100 mpaka mstari huohuo, zitakuwamo 4 tu. Katika mji kama Sumbawanga jambo hili si la nadharia: bomba lipatikanalo upesi katika duka la dawa ni la binadamu. Kwa hiyo maelezo ya Kiswahili yasiseme tu "tumia bomba la insulini". Yaseme: "Alama iliyo juu ya bomba ilingane na alama iliyo juu ya kichupa, zisipolingana, usichome, muulize daktari wa mifugo."

Saa

"Mchome mbwa kila saa 12." Sentensi hii yaweza kusomwa kwa namna mbili, na kwa bahati tu namna zote mbili zinakaribiana. Anayeielewa kama muda atachoma kila baada ya saa kumi na mbili kupita. Anayeielewa kama wakati atachoma inapogonga saa 12, alfajiri na magharibi. Lakini bahati hii ni ya namba hiyo peke yake. Ingekuwa dawa ya kila saa 8, mmoja angetoa dawa mara tatu kwa siku na mwingine mara mbili, alasiri na usiku wa manane.

Wapo wanaojaribu kuepa matata haya kwa kusema masaa wanapokusudia muda. Walimu wa lugha hulikataa umbo hilo, nasi hatuliandiki. Lakini haki ni kukiri kwamba waliolibuni walikuwa na haja ya kweli. Njia iliyo safi ni kuongeza neno baada ya: kila baada ya saa 12. Bora kuliko hiyo ni kutaja nyakati zenyewe: saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Hapo pana mtego mwingine kwa mfasiri, maana saa ya Kiingereza huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Tumewahi kuona "saa 7 asubuhi" katika tangazo la ofisi moja, na waliokuja saa 7 mchana walikuta mkutano umekwisha zamani.

Tuwe waangalifu pia na maneno kutwa mara mbili, yaliyozoeleka kwenye bahasha za vidonge. Kutwa ni toka macheo hadi machweo. Mwenye kuyashika maneno hayo kwa uaminifu aweza kuchoma asubuhi na adhuhuri ili jioni apumzike. Iandikwe asubuhi na jioni.

Kuna neno moja la utaratibu lililorukwa na mfasiri: kwanza. Mbwa hulishwa kwanza, huangaliwa kama amekula, ndipo huchomwa. Mbwa aliyekataa chakula hachomwi kwa mazoea, daktari huulizwa. Mfasiri alikuwa ameandika "mlishe na umchome", na kiunganishi na hakisemi kipi kitangulie.

Baridi, na kutikisa

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi, wala haifai kuganda. Tafsiri ile ilisema: "Weka dawa mahali pa baridi." Sumbawanga iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,800, na mwezi Juni na Julai watu huota moto. Mwambie mtu wa Ufipa aweke kitu mahali pa baridi, naye atakuuliza ni mahali gani pasipo na baridi. Ataiweka dirishani, ambapo jua la mchana litaipiga. Neno baridi ni hisia ya mwili, na hisia hutofautiana kati ya Sumbawanga na Tanga. Katika maelezo ya dawa pawekwe nyuzi na jina la chombo. Tena jokofu litofautishwe na sehemu yake ya kugandishia. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ambapo hakuna umeme, mtungi wa udongo uliolowanishwa hupunguza joto kidogo, lakini haufikii ubaridi wa jokofu. Tusiufasiri mtungi kuwa jokofu. Kichupa kikishafunguliwa kina siku zake, na kila dawa ina maelezo yake, ambayo hayana budi kufasiriwa pamoja na nambari zote.

Kuhusu kutikisa, maneno matatu yagawane kazi. Kutikisa ni kukipeleka kichupa huku na huku kwa nguvu. Kuviringisha ni kukizungusha polepole kati ya viganja viwili. Kugeuza ni kukipindua juu chini. Dawa nyingine hutakiwa zitikiswe mpaka zifanane na maziwa, na nyingine huviringishwa tu. Mfasiri asichague kitenzi kwa kuwa kinasikika vizuri. Aangalie dawa yake inataka nini.

Sukari ikipungua mno katika damu, kwa sababu ya dawa nyingi au chakula kidogo, mbwa hulegea, hupepesuka, hutetemeka, na mwishowe hushikwa na degedege. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa na istilahi ndefu ya Kigiriki kwa hali hiyo. Sisi tuliandika upungufu wa sukari katika damu, na mara moja likatokea swali: mbwa ana ugonjwa wa sukari, sasa iweje apewe sukari? Swali hilo litaulizwa katika kila nyumba, na ni lazima karatasi ilijibu palepale: "Dawa imeishusha sukari kupita kiasi. Mpake asali au maji ya sukari kwenye ufizi. Usimmiminie kinywani kama amezimia. Kisha mwite daktari wa mifugo." Neno la kupaka lina kazi yake; kunywesha kungempalia.

Sindano zilizotumika zitiwe katika kopo gumu lenye kifuniko, mbali na watoto. Na bomba lisiitwe "bomba la kutupa", kama ilivyoandikwa, bali bomba la kutumiwa mara moja tu.

Limebaki neno moja ambalo hatukulimaliza. Ile sehemu ya bomba isukumwayo kwa kidole gumba haina jina lililokubaliwa. Mafundi wa magari husema pistoni. Jirani wa mwalimu alisema mchi, kwa mfano wa kinu, na neno lilituvutia. Lakini mchi hutwanga, nasi hatutaki mtu atwange dawa ndani ya mwili wa mnyama. Kwa sasa tumeandika kisukumio, na mke wa mwalimu, ambaye ndiye achomaye mwenyewe siku ambazo mumewe hayupo, amesema analielewa bila kuelezwa. Wasomaji waliosikia neno jingine katika zahanati au katika majosho ya wilaya zao waliandikie Baraza.